Vifuko, bahasha au mifuko ya kutoa hewa: kipi ununue ili nguo zifike zikiwa nadhifu

Shati jeupe nililolipiga pasi usiku wa kuamkia safari lilifika na nusu duara ya kisigino kifuani, kola imepinda upande kama jani lililoungua na jua. Kikao kilikuwa saa tatu asubuhi. Pasi ya pale nilipolala ilitema maji yenye kutu, kwa hiyo niliingia kikaoni koti likiwa limefungwa vifungo vyote, na joto lote lile, nikijifanya nasikia baridi.

Tangu hapo nimenunua karibu kila kitu kinachouzwa kwa ahadi ya kulinda nguo ndani ya sanduku. Baadhi husafiri nami kila mara. Vingine viko juu ya kabati, vinakula vumbi. Nimevipanga hapa kuanzia kile ambacho ningemshauri mtu akinunue leo, hadi kile ambacho ningemwambia akiache dukani.

Ila kwanza tuelewane nguo inaharibikaje, maana ukilijua hilo maneno mengi ya wauzaji yanajijibu yenyewe. Ndani ya sanduku nguo ina maadui watatu: kusogea, unyevu, na uzito wa vitu vingine. Pamba na kitani ndizo zinazoumia zaidi. Nyuzi zake zimeshikana kwa vifungo vidogo vya haidrojeni, na unyevu ukikutana na joto vifungo hivyo hulegea. Kama wakati huo nguo imekunjamana, vifungo hujishika upya katika umbo lile lile la kukunjamana, na hapo ndipo mkunjo unapogoma kutoka. Pasi ya mvuke inatumia kanuni hiyo hiyo, ila safari hii unaamua wewe nguo ikae vipi. Sufu ina nyuzi za mawimbimawimbi ambazo hujirudi zenyewe ukiitundika usiku mmoja. Poliesta hailegei mpaka joto lifike takriban nyuzi 70 au 80 za Selsiasi, ndiyo maana gauni la poliesta hutoka sandukuni kana kwamba halikusafiri, na la kitani hutoka kana kwamba limelaliwa.

Basi kipimo changu ni hiki: je, chombo hiki kinaifanya nguo itulie mahali pake? Kubana ni habari nyingine. Kubana kunakupa nafasi, na nafasi hiyo karibu kila mtu huijaza nguo ambazo hatazivaa.

1. Vifuko vya kupangia nguo, vile vya kawaida

Hivi ni vifuko vya kitambaa vyenye umbo la mraba au mstatili, zipu pande tatu, mara nyingi na wavu juu ili uone kilichomo. Havina ufundi wowote. Faida yake ni kwamba vinaligawa sanduku moja kubwa kuwa droo tatu au nne ndogo, na nguo iliyojaa droo yake haina pa kwenda. Sanduku likisimamishwa wima, likavutwa kwenye mawe, likatupwa kwenye mkanda wa mizigo, mashati hayaporomoki yote chini kama ilivyo kawaida.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchukua seti kabla ya kupima sanduku. Chukua rula, pima ndani, si nje. Sanduku la mkononi lenye sentimita 55 kwa 40 kwa 20 kwa nje hupoteza sentimita kadhaa kwa magurudumu na kuta zake, na sakafu yake ina mifereji ya vyuma vya mpini. Kama ni lile linalofunguka nusu kwa nusu kama kitabu, kila upande unabaki na kina kisichofika sentimita 10. Kifuko chenye unene wa sentimita 12 kitalazimishwa kuingia, nawe utakaa juu ya sanduku kulifunga, na wote tunajua linavyoishia. Vifuko viwili vya kati vinavyolala sambamba na kujaza upande mmoja ni bora kuliko kimoja kikubwa kinachoacha pengo pembeni, kwa sababu pengo hilo ndilo mlango wa kusogea.

Kosa la pili ni seti ya vipande vinane. Vitatu utavitumia, vitano vitakaa ndani ya vile vitatu. Kwa safari ya wiki moja mimi huchukua viwili vya kati na kimoja kidogo: cha kwanza nguo za juu, cha pili suruali na nguo za kulalia, kidogo ni cha soksi na nguo za ndani. Cha nne, kikiwepo, kiwe cha nguo chafu, na hicho kisiwe cha wavu.

Dukani, kigeuze kifuko ndani nje. Tazama pale mshono unapokutana na zipu kwenye kona: kama kitambaa kimekatwa bila kufungwa kwa utepe, ukiona tayari nyuzi mbili tatu zinaning'inia, kirudishe. Kisha kifunge kikiwa kitupu, ukiivuta zipu polepole kuzunguka kona zote mbili. Inayokwama ikiwa tupu itakatika ikiwa imejaa. Herufi YKK kwenye kichwa cha zipu ni dalili njema, kwa kuwa kampuni hiyo ya Japani imekuwa ikitengeneza zipu tangu 1934, ingawa herufi zenyewe ni rahisi kuigwa, kwa hiyo vidole vyako viamue kuliko macho. Kwa kitambaa, nailoni nyembamba yenye vimiraba vidogovidogo ndiyo ninayoipenda: ni nyepesi, na ikitoboka tundu halikimbii. Poliesta nene inaonekana imara lakini seti nzima inaweza kufika nusu kilo. Hilo halionekani kuwa kubwa mpaka ukutane na shirika la ndege linaloruhusu kilo 7 tu mkononi.

Wavu juu ni mzuri kwa hewa na kwa kutazama. Nguo za kufuma na hariri zisiuguse, zitanasa.

Halafu kuna ule ubishi wa kukunja au kuviringisha. Fulana, jinzi na nguo za mazoezi viringisha, zisimame wima ndani ya kifuko kama vitabu kwenye rafu, uchukue moja bila kuvuruga nyingine. Shati la kola usiliviringishe. Nimejaribu kwa kila namna niliyoonyeshwa na kila namna inaacha mawimbi kifuani. Shati lina chombo chake, na ndicho kinachofuata.

2. Bahasha ya mashati

Sijui kila duka linaiitaje. Ukiieleza hivi utaeleweka: ni kipande cha kitambaa chenye mabawa manne, na ndani yake kuna ubao mwembamba wa plastiki. Unalilaza shati kifudifudi, unauweka ubao mgongoni, unakunja mikono na pande kuufuata ubao, unapandisha chini juu, kisha unauchomoa ubao na kuanza shati la pili. Mwisho ubao unarudi juu ya rundo, mabawa yanafungwa kwa utepe wa kunata, na una kitu bapa kama faili la ofisini.

Inafanya kazi kwa sababu mashati yote yana ukubwa mmoja, kwa hiyo hakuna ukingo wa shati moja unaochora mstari kwenye jingine. Pili, yanashikana. Tatu, bahasha hulala juu kabisa ya sanduku, hakuna kinachoilemea.

Ufundi wake uko kwenye kola. Ukizipanga zote upande mmoja, rundo linakuwa na kichwa kinene na mkia mwembamba, na kola ya chini inapondwa. Pishanisha: ya kwanza itazame juu, ya pili chini, ya tatu juu. Ndani ya kola ya shati la juu zungusha mkanda wako wa suruali. Unaisimamisha kola na mkanda wenyewe unapata pa kukaa.

Watengenezaji huandika idadi ya mashati kwa ukarimu. Ikiandikwa 10, weka 6 ukitaka yafike kama yalivyotoka. Chunguza ubao pia: ushike ncha moja na uupige mtikiso. Ukilegea kama karatasi ya kadi, hautadumu, utavunjika katikati na tangu hapo kila shati litakuwa na mkunjo kiunoni. Na upana wa bahasha uwe mdogo kuliko upana wa sanduku kwa sentimita mbili tatu, la sivyo utaikunja, na ununuzi wote utakuwa wa bure.

Asiyevaa mashati ya kola asiinunue. Anayevaa kila siku ya kazi aiweke namba moja, mbele ya vifuko.

Nikiwa hapo hapo: kabla hujatoa hela, kuna kitu cha bure kinachokaribia kazi ya bahasha, nacho ni ile mifuko myembamba ya plastiki ambayo dobi hufunikia nguo zilizotundikwa. Tandika mmoja kati ya kila nguo na nguo, au livishe gauni kisha ulikunje pamoja nao. Plastiki hiyo huteleza, na nguo inayoteleza haipati muda wa kushika mkunjo. Karatasi laini za kufungia zawadi nazo zinafaa, hasa kwa kujaza mikono ya koti na mapinda ya gauni, ila zinachakaa kwa safari moja. Plastiki ya dobi nimeitumia mwaka mzima. Isiguse ngozi wala manyoya, vinahitaji kupumua, na isiachwe mahali watoto wadogo wanapocheza.

3. Mifuko ya viatu na ya vimiminika

Hii haipendezi machoni na hakuna anayeipigia debe, lakini ndiyo ingeliokoa lile shati langu. Kwanza, viatu viwe na mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kuvuta, kimoja kimoja kama ni vizito, na vikae upande wa magurudumu, ambako uzito wote huenda sanduku likisimama. Soksi zikae ndani ya viatu.

Kwa losheni, shampuu na mafuta, tafuta mfuko usiopenya maji wenye zipu ya kubana kwa vidole, na uuvishe wa pili juu yake. Hewa ndani ya ndege hupunguzwa msukumo kana kwamba uko kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na sehemu ya mizigo chini nayo vivyo hivyo. Kwa kiwango cha juu kabisa, hewa iliyofungiwa ndani ya chupa hutanuka kwa karibu theluthi. Chupa iliyobaki nusu ndiyo inayotapika zaidi, kwa kuwa ina hewa nyingi ya kutanuka. Iminye mpaka kimiminika kifike mdomoni, kisha ufunge kifuniko ukiwa bado umeiminya. Kama unaibeba mkononi, chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie kwenye mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha ndani. Kanuni hiyo ilianza 2006 na viwanja vingi bado vinaifuata.

4. Kava la suti

Suti moja kwa sherehe moja: linunue, au azima. Chagua linalokunjika mara mbili au tatu badala ya mara moja, kwa kuwa kunja moja tu hufanya pindo kali kiunoni, na liwe la kitambaa kinachopitisha hewa. Yale ya plastiki nzito yananuka na yanahifadhi jasho la koti. Henga iwe na mabega mapana. Kabla ya kulikunja, weka taulo iliyoviringishwa pale kunja linapotokea, koti lipinde kwa mviringo badala ya kuvunjika. Kumbuka mashirika mengi hulihesabu kava kama mzigo wako wa mkononi, kwa hiyo unaweza kujikuta umeliacha sanduku kwa ajili ya suti.

Nimeliweka la nne kwa sababu koti la sufu unaweza kulisafirisha vizuri bila kava. Ligeuze bega moja ndani nje, ulisukumie bega la pili ndani yake, bitana iwe nje, ulikunje katikati kwa urefu, kisha liingie kwenye mfuko wa dobi na lilale juu ya vingine. Ukifika, litundike. Kesho yake linavalika.

5. Vifuko vya kukandamiza

Hivi ni kama vya namba moja, ila vina zipu ya pili inayokifinya kifuko kizima mpaka kiwe nusu ya unene. Vinapendwa sana, na ninaelewa: unavuta zipu, rundo la nguo linanywea mbele ya macho yako. Kwa sweta, jaketi la pamba nzito na jinzi, havina shida. Kwa shati la pamba, umelipiga pasi kinyume.

Kamba hukatikia pembamba, na hapa pembamba ni zipu ya kukandamizia. Inabeba nguvu ambayo zipu ya kawaida haijawahi kuiona. Ukiamua kununua, angalia meno yake yawe manene kuliko ya zipu ya kufungulia, na mshono wake uwe umepigwa mara mbili. Sukuma nguo kwa kiganja mbele ya zipu unapofunga, usiiache zipu ifanye kazi ya mkono wako.

Na kuna mtego wa mizani. Nafasi imepungua, uzito uko pale pale. Mzigo wa kawaida wa daraja la chini katika mashirika mengi ni kilo 23, na sanduku moja likizidi kilo 32 mara nyingi halipokelewi hata ukilipa. Mwenye vifuko hivi hufika kaunta sanduku lake likiwa limefungika vizuri kabisa, na kilo 27. Nimekuwa mtu huyo, nikifungua nguo zangu za ndani mbele ya foleni.

6. Mifuko ya kutoa hewa

Ya pampu au ya kuviringisha kwa mikono, matokeo ni yale yale: plastiki inagandamana na nguo mpaka rundo linakuwa gumu kama ubao. Kwa blanketi linalokaa kabatini miezi sita ni mali. Kwa safari, nimeacha.

Safari yangu ya mwisho nayo, kwenda kulikuwa kuzuri. Nilifunga majaketi mawili mazito na nguo nyingine, sanduku likabaki na nafasi, nikajiona mjanja. Kurudi, mmoja ulikuwa umetobolewa na pini ya beji niliyoisahau kwenye jaketi. Sikuona tundu. Nilifunga sanduku asubuhi, na hewa ikaingia kidogo kidogo njiani. Nilipolipokea kwenye mkanda lilikuwa limetuna kama chura, zipu imeachia upande mmoja, na mkono wa sweta unaning'inia nje ukizunguka mbele ya abiria wote. Hata bila tundu, mkaguzi wa mizigo akiufungua mfuko mmoja kutazama ndani, hana pampu ya kukurudishia ulivyokuwa.

Mikunjo yake nayo ni ya aina nyingine. Plastiki haiifuati nguo ilivyokunjwa, inaifinya ovyo, na kila kunyanzi dogo linapigwa muhuri. Kama kulikuwa na unyevu kidogo tu, taulo isiyokauka vizuri au fulana ya jasho, hauna pa kutokea, na ukifungua baada ya siku kadhaa utakaribishwa na harufu ya ukungu. Jaketi la manyoya ya bata likikaa humo muda mrefu huchelewa kurudisha unene wake.

Anayelazimika, kwa mfano anayehamia nchi ya baridi na sanduku moja, achukue ile ya kuviringisha isiyohitaji pampu, aweke nguo nzito tu, zikiwa zimekauka kabisa, na atoe kila kitu chenye ncha.

Sanduku lenyewe

Hakuna kifuko kitakachokusaidia kama sanduku ni kubwa kuliko nguo zako. Lililojaa nusu huchakaza nguo kuliko lililojaa sawasawa, kwa hiyo ukiwa kati ya saizi mbili chukua ndogo. Kwa yale magumu, plastiki ya polikaboneti hubonyea ikigongwa na kurudi. Plastiki ya ABS ni nafuu lakini hupasuka kwenye kona. Ya kitambaa hufunguka upande mmoja na kuwa na kina kimoja kirefu, jambo linalozifaa bahasha za mashati na makoti kuliko yale ya nusu kwa nusu. Mikanda miwili ya ndani ya kufungia ni lazima. Kama ipo lakini haifiki kubana nguo, ni pambo tu.

Pasi ndogo ya mvuke

Nimeiweka nje ya orodha kwa sababu inatibu, haizuii. Anayevaa kitani aibebe. Anayevaa sufu na poliesta anaweza kutundika nguo bafuni, akafungulia maji ya moto dakika kumi mlango ukiwa umefungwa, akainyoosha kwa kiganja ikiwa bado na joto. Ukinunua, soma maandishi madogo nyuma ya kifaa kabla ya kutazama rangi yake. Kilichoandikwa 220–240 V pekee hakitapata moto wa maana Marekani au Japani, ambako umeme ni wa volti 100 hadi 120, na kilichotengenezwa kwa umeme huo ukikichomeka kwenye volti 230 kitaungua kabla shati halijaguswa. Tafuta chenye swichi ya kubadilisha volti, na uigeuze swichi hiyo kabla ya kuchomeka. Wakati wa kufungasha kurudi, mwaga maji yote yaliyobaki tumboni mwake na ukiache wazi usiku kucha. Vijiko viwili vya maji vilivyosahaulika humo vinatosha kulowesha bahasha nzima ya mashati.